Vibao Viwili vya Baba

Baba yangu alikuwa mchora vibao. Hakujua kusoma, alinakili herufi kama mtu anavyonakili ua la kitambaa. Katekista, mwalimu wetu wa dini, alipompa karatasi yenye majina ya vituo vya njia ya hija, alichora vibao vyote vizuri, akavipigilia misumari. Viwili akavipishanisha. Kisimani, mahali palipokusudiwa Mtakatifu Blasi, mwombezi wa wenye maradhi ya koo, akaweka Monika. Blasi akampeleka mlimani.

Katekista alikuja mbio. Akawakuta kina mama wamepiga magoti kisimani, wanamwomba Monika, mama aliyemlilia mwanawe. Akamvuta Baba kando.

"Fundi, viache. Wameshampata mwenzao."

Hakumcheka, wala hakumwambia mtu. Ndiyo maana mpaka leo kisimani panaitwa Monika, na mlimani Blasi. Baba alinieleza mimi peke yangu, akiwa mgonjwa kitandani. "Nizike na aibu yangu," akasema.

Miaka hamsini na mitatu nilinyamaza. Kisha mjukuu wangu akaja, anaandika kitabu cha mahujaji kuhusu asili ya majina ya vituo. Alinikata kucha za miguu, akanipaka mafuta magotini, akanibembeleza. Nikamweleza. "Lakini hili ni la nyumbani," nikasema.

"Bibi, mimi tena? Litaishia hapahapa."

Miezi kadhaa baadaye, Jumapili moja, alinisomea kitabu chake kipya, uso ukimng'aa. Ukurasa wa tisa: Kosa la Fundi Asiyejua Kusoma. Na picha ya Baba, ile niliyodhani bado imo kabatini mwangu.

"Watu wamekipenda, Bibi! Wanacheka mpaka basi."

"Uliniahidi."

"Lakini alishakufa siku nyingi. Nani ataumia?"

Aliyeumia alikuwa amekaa mbele yake.

Siku ya hija nilitoa mtungi wangu wa maji mlangoni kama kawaida. Mzee mmoja akanywa, akasema, "Kumbe hapa ndipo kwa yule fundi kipofu wa herufi!" Wenzake wakaangua kicheko. Nikamjazia tena, alikuwa na kiu. Mama mmoja hakucheka. Alikipangusa kikombe kwa upindo wa nguo yake kabla ya kunirudishia.

Kesho yake mjukuu akaja na daftari. Vitabu vimekwisha, wanataka kingine, kinene zaidi.

"Bibi, na kile kituo cha Yohana pale darajani, jina lilitoka wapi?"

Ninajua. Nilikuwepo, nimebeba ndoo.

Nikamsogezea kiti, kile kisichoyumba, nikampakulia chakula.

"Sijui, mjukuu wangu. Kula kabla hakijapoa."