Usibanduke Hapo

"Gari linakuja! Usibanduke hapo!"

Filimbi alikata simu kabla aliyepiga hajamaliza salamu, akaitumbukiza mfukoni na kumgeukia dereva wa njia ya nne, aliyekuwa akipakia vifurushi kama mtu anayetupa kuni.

"Na wewe! Hicho kimeandikwa vyombo vya kioo. Unasoma au unaangalia picha?"

"Umeamka na nani leo, Filimbi? Chai umekunywa?"

"Chai nitakunywa sikukuu ikiisha. Pakia."

Ilikuwa saa tatu asubuhi na sauti ilikwisha anza kumkauka. Zilibaki siku tano kabla ya sikukuu, na watu walikuwa wananunua kana kwamba maduka yanafungwa milele. Vifurushi vilijaa ghala, vikatoka mlangoni, vikalala uani chini ya turubai. Kila gari lilikuwa na dereva wake wa siku zote, na msimu huu kila dereva alipewa msaidizi wa kuruka chini, kukimbia hadi mlangoni kwa mteja, kukabidhi mzigo na kurudi mbio. Wasaidizi kumi na sita, wa wiki sita tu. Filimbi ndiye aliyewapanga, akawahimiza, akawafokea na, ikibidi, akawafuta.

Wasaidizi hawakuruhusiwa kuingia ghalani. Kila mmoja alikuwa na kona yake mtaani, na gari lilimpitia hapo. Dereva akifika alimpiga picha kwa kishikwambi na siku yake ya kazi ikafunguka. Pasipo picha, ikigonga saa kumi na moja jioni mfumo uliandika wenyewe: Hakufika. Ukipata Hakufika mbili jina lako linatoka, na msimu mwingine huitwi.

Lakini sheria ya kona ilikuwa ya Filimbi mwenyewe. Wiki ya kwanza wasaidizi walizurura; huyu kaenda kununua vocha, yule kajibanza kivulini, gari limepita. Akawakusanya nje ya geti, akapanda juu ya kreti na kuwapigia ile sauti iliyompa jina. "Kona ni kona! Husogei, huketi, hujifichi jua, dereva akuone tangu mbali. Na msinipigie simu kuniuliza gari liko wapi. Linakuja! Atakayebanduka, nimemfuta." Watu wazima kumi na sita waliinamisha vichwa. Meneja alikuwa dirishani juu, akaitikia kwa kichwa, na tangu wiki hiyo barua ya ajira ya kudumu ya Filimbi ilikuwa kwenye droo yake, imeshachapwa, inangoja saini.

Nyumbani, mama yake alikwisha pigilia msumari ukutani juu ya televisheni, tayari kwa fremu. "Miaka tisa binti yangu wa msimu, kama mvua," aliwaambia majirani. "Safari hii basi."

Mchana ulipita kwa makelele. Njia ya pili ilipoteza ufunguo. Njia ya saba ilipeleka godoro kwa mtu aliyeagiza viatu. Mteja mmoja alipiga simu mara sita kuuliza kwa nini mwanasesere wa mtoto wake hajafika, mara ya sita akatukana, na Filimbi, ambaye alikuwa haruhusiwi kutukana, akauma meno na kusema ahsante kwa kutupigia. Alikuwa amefura. Alimkasirikia mteja, akawakasirikia madereva, akamkasirikia aliyebuni sikukuu. Katika orodha yote ile hakujiweka mwenyewe.

Saa tisa alasiri dereva wa njia ya tisa alirudi kupakia mara ya pili. Alikuwa mtu wa mzaha, akaanza kucheka kabla hajashuka.

"Filimbi, hivi yule mama wa kumi na moja mmempa kazi ya kulinda mtaa?"

"Mama yupi?"

"Mama Sindano. Kasimama pale konani kama bendera. Nimempita asubuhi, na sasa hivi nimempita tena."

Njia ya kumi na moja haikuwapo leo. Gari lake liligoma kuwaka alfajiri, na Filimbi mwenyewe aligawa mizigo yake kwa njia ya tisa na ya kumi na mbili. Kilichobaki kilikuwa kumpigia msaidizi wake ahamie kona ya kumi na mbili. Kwa kuwa alikuwa na mafaili mikononi, aliandika kiganjani kwa kalamu: 11, simu. Halafu meneja akamwita juu kuhusu katoni zilizolowa. Halafu akanawa mikono.

Alifungua kiganja. Lilikuwapo doa la bluu, na ukijua unachotafuta uliweza kuziona moja mbili zimesimama bega kwa bega.

"Umempita mara mbili hukusimama?" alimwuliza dereva.

"Si msaidizi wangu."

"Ni mtu!"

"Ni mtu, sawa. Nani alituambia tusibebe wala tusisemeshe wasaidizi wa njia nyingine, tunachelewesha mizigo?" Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Nilikuwa mimi?"

Filimbi alitoa simu, akarudi nyuma kwenye orodha ya waliopiga. Saa tatu na dakika mbili, namba isiyo na jina. Aliilinganisha na karatasi ya wasaidizi ingawa alikwisha jua. Maongezi yalidumu sekunde nne.

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani wa miaka hamsini na minane. Vizibao vya rangi ya chungwa walivyopewa wasaidizi vilikuja saizi moja, vikubwa kama mahema, na wiki ya pili kimoja kilinaswa na mlango wa gari, mwenyewe akakokotwa hatua kadhaa. Ofisi ilisema saizi nyingine zitaagizwa. Mama Sindano alipitia kona zote Jumamosi jioni, akavikusanya katika gunia, na Jumatatu kila mtu akapata chake kilichomkaa mwilini, pamoja na mfuko mdogo wa kalamu kwa ndani. Cha Filimbi pia. Filimbi alimwuliza nani kamruhusu kukata mali ya kampuni, kisha akakivaa. Amekivaa hadi leo.

Na Mama Sindano alikuwa na Hakufika moja tayari. Alimpitisha mjukuu wake hospitali, akafika konani dakika kumi baada ya gari kuondoka, akaomba radhi. Filimbi alimwambia kwamba mfumo haujui mjukuu.

Meneja alikuwa anakula karanga mezani kwake, akizimenya taratibu kana kwamba chini uani hapana vita. Filimbi alimweleza kwa pumzi moja.

"Naomba kishikwambi cha akiba nikampige picha kabla ya saa kumi na moja."

"Umpige picha, siku yake ifunguke saa kumi jioni?" Meneja alipuliza maganda. "Makao makuu wataona msaidizi alikuwapo na gari halikuwapo. Wiki hii, Filimbi? Wataniuliza mimi, na mimi nitakuuliza wewe."

"Nitajibu."

"Utajibu nini? Kwamba ulisahau?" Aliongea kwa upole, na upole ule ulimchoma zaidi kuliko kelele. "Sikiliza. Hufanyi kitu. Saa kumi na moja mfumo unaandika wenyewe. Wewe hujagusa, mikono yako safi. Mtu mmoja wa wiki sita, ambazo zenyewe zinakwisha. Usimwage unga wako kwa ajili yake. Halafu sheria ile ya kona ni yako, na ni nzuri. Ameonyesha utii."

Utii! Filimbi alikitazama kidole cha meneja kikimenya karanga nyingine na akatamani kuipindua meza ile, karanga, droo, barua na vyote. Hakuipindua. Alichukua kishikwambi kilichokuwa kwenye chaji, akachomoa waya, akatoka. Nyuma yake meneja aliita jina lake halisi, lile la kwenye barua.

Alipanda pikipiki ya kukodi, akamfokea mwendeshaji wake njia nzima.

Kona ya kumi na moja ilikuwa mbele ya duka la dawa, mahali barabara mbili pana zinapokutana, pasipo mti wala kibanda. Ndiyo maana aliichagua; mtu huonekana tangu mbali. Mama Sindano alionekana tangu mbali. Kizibao kilikuwa kimefungwa vifungo vyote. Jua lilikuwa limempiga upande mmoja wa uso hadi umeiva, na alikuwa akihamisha uzito, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, bila kuondoka juu ya kigae kimoja cha njia ya miguu.

Aliyeanza kusema ni mwenye duka la dawa, aliyetoka mbio na koti lake jeupe. "Ninyi ndio wenye mtu huyu? Tangu saa nne namletea kiti anakataa! Namwambia njoo ndani ujisaidie, anakataa! Anasema dereva hatamwona. Ninyi ni watu wa namna gani?"

"Shikamoo, mama," Filimbi alimwambia Mama Sindano.

Shikamoo ile haikupokelewa.

"Gari liko wapi?" aliuliza Mama Sindano.

"Halikuwapo leo. Lilikufa alfajiri. Nilitakiwa nikupigie, mama, nikasahau. Nisamehe."

"Lilikufa alfajiri." Mama Sindano aliyarudia maneno polepole, kama anayapima kwa utepe. "Mimi nimefika saa moja, saa tatu nikakupigia, mwanangu. Ukaniambia linakuja."

"Sikujua ni wewe."

"Ungejuaje? Uliuliza?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Ulikata! Nimesema haloo mwanangu habari za, ukakata! Nikajiambia, kama amesema linakuja, basi linakuja. Mtu mzima hawezi kudanganya hivihivi, mchana kweupe. Saa nane, nikaona limekwama. Saa tisa, nikaona mimi ndiye mjinga. Lakini nikasema nikiondoka tu, litapita, na yule binti atafurahi kunifuta. Nimeijua hasira yako, ndiyo iliyonisimamisha hapa. Si kazi."

Filimbi hakuwa na pa kuitupa hasira yake. Siku nzima alikuwa ameirusha huku na huko, na sasa ilikuwa imerudi nyumbani na mizigo yake yote. Aliinua kishikwambi.

"Nikupige picha, mama. Ili iandikwe ulifika. Zimebaki dakika ishirini."

"Nipige," alisema Mama Sindano. Alikivuta kizibao kikanyooka mabegani. "Nipige hivihivi nilivyokasirika. Sikenui meno."

Picha ikaingia. Mfumo ukauliza sababu ya kuchelewa kufungua siku, ukaleta orodha ya kuchagua: Msaidizi amechelewa. Msaidizi aliondoka kituoni. Msaidizi ni mgonjwa. Hali ya hewa. Alishuka nayo hadi chini akitafuta palipoandikwa ofisi, akapanda nayo tena. Hapakuwa na ofisi. Waliotunga orodha ile hawakuwahi kufikiri kwamba kosa lingeweza kutoka juu kwenda chini. Mwisho kabisa palikuwa na Mengineyo, na kisanduku kidogo.

Aliufikiria msumari wa mama yake. Kisha akaandika: Alifika saa moja asubuhi. Mimi ndiye niliyemsahau, na aliponipigia nikamwambia asubiri. Akaweka namba yake ya kazi, akamgeuzia Mama Sindano asome.

Mama Sindano alirudisha kichwa nyuma kama wafanyavyo wasio na miwani, akasoma hadi mwisho, midomo ikimcheza.

"Tuma," alisema.

Filimbi alituma. Haikupita dakika simu ikalia, na jina la meneja likawaka. Aliiacha ilie. Ikanyamaza, ikalia tena.

"Sasa," alisema Mama Sindano, "dada wa dawa, nionyeshe hicho choo kabla sijaaibika." Alianza kuelekea dukani, magoti yakiwa yamekakamaa, mwenye duka kamshika mkono. Hatua ya tatu akageuka. "Na wewe simama hapo hapo. Gari linaweza kuja."

"Mama, gari hali..."

"Nimekwambia usibanduke."

Filimbi akasimama. Kigae kilikuwa na joto, alilisikia kupitia soli. Hapakuwa na cha kuegemea. Jua la jioni lilimjia machoni moja kwa moja, akataka kugeuka, akagundua kwamba ukigeuka huoni barabara inayoleta magari. Watu walimpita wakatazama kizibao, hawakutazama uso. Kule ndani ya duka la dawa mlango wa nyuma ulifungwa. Dakika tano zikapita, kisha kumi, na Mama Sindano alikuwa hajarudi. Kiti kilikuwa kizingitini, kitupu.

Gari la njia ya tisa lilitokea, dereva akapiga honi, akainua mkono na kupita.

Simu ikalia tena. Safari hii ilikuwa namba isiyo na jina. Aliiweka sikioni, akasikia makelele ya barabara nyingine, kona nyingine, na mtu akivuta pumzi kabla ya kuanza.

"Haloo," alisema Filimbi. "Ni nani mwenzangu?"

Akangoja, salamu ikaisha yote.