Limau Lililoanguka Kisimani

Kamati ya nidhamu ya shule yetu ya bweni ya muziki, hapa Edirne, Uturuki, ilikaa kikao kizito kuhusu limau moja. Nimewahi kuhudhuria mazishi yenye heshima ndogo kuliko kile kikao. Limau lenyewe lilikuwa mezani mbele ya Mkuu wa shule, limeumwa upande mmoja, nami nilisimama karibu nalo nimeinamisha kichwa kama mfiwa.

Kwa wasiopuliza ala, nieleze kosa langu. Ukiuma limau mbele ya mpiga tarumbeta, mate yanamjaa kinywani, na tarumbeta yenye mate hailii, inakoroma. Basi siku mkuu wa mkoa alipotutembelea, nilisimama mbele ya bendi nikauma limau langu polepole, kwa adabu zote, huku nikimtazama machoni Erdinç, kiongozi wa watarumbeta. Mkuu wa mkoa alikaribishwa kwa sauti ya mabata wenye mafua.

"Afukuzwe," akasema Mkuu wa shule.

Mwalimu Nazende, anayenifundisha klarineti, alikuwa anakoroga chai yake. Hakuinua hata macho. "Apige Kisima kwenye mtihani wa majira ya kuchipua. Akiweza, abaki. Akishindwa, nitampeleka mimi mwenyewe kwenye basi la Keşan."

Keşan ni kwetu. Baba ana duka la maini ya kukaanga, na kisu changu kinanisubiri pale tangu nizaliwe. Maini nayapenda sana, yakiwa kwenye sahani.

Nilicheka, maana sikuwa nimeuona huo muziki. Jioni ile nilipoufungua, kicheko kikaisha.

Kisima kilitungwa na mzee aliyemfundisha Mwalimu Nazende, na inaonekana mzee yule hakupenda watoto. Ni klarineti peke yake. Hakuna piano ya kukufunika wala ngoma ya kukusukuma. Ukikosea, kosa linabaki limesimama uchi katikati ya chumba na kila mtu analitazama. Unaanza kwenye noti ya chini kabisa, ile inayotetemesha meno, kisha unapanda kama ndoo inayovutwa kwa kamba, bila mahali pa kupumua, hadi huko juu ambako ala inalia kama kitoto kichanga. Halafu mzee anakutaka utoe sauti mbili kwa pamoja, nene na nyembamba, kutoka kwenye bomba lile lile moja.

Nilijifungia chumba cha kufulia kwa majuma mengi. Midomo ilivimba. Nilivunja ndimi za tete, vile vijiti vyembamba vinavyotetemeka mdomoni, hadi muuzaji akaanza kuniita mwanangu. Kisha asubuhi moja, katikati ya ndoo na soksi, zile sauti mbili zikatoka. Niligeuka haraka kuangalia nani ameingia.

Hakukuwa na mtu. Nikakaa juu ya kapu la nguo chafu, nikazipuliza tena.

Lakini kigumu kilikuwa mbele bado. Karibu na mwisho kuna noti moja inayofifia, inafifia, mpaka hata wewe unayeipuliza hujui kama ingali inasikika. Baada yake ni kimya, na juu ya kimya hicho ile alama ya kusubiri, inayofanana na jicho lililofumbuliwa nusu. Kisha noti inarudi, taratibu mno, pasiwe na mtu wa kusema ilianza lini.

"Umeingia mapema," Mwalimu Nazende aliniambia kila somo.

"Nimehesabu, mwalimu."

"Ndiyo maana umeingia mapema. Tanju, nani yuko mle kisimani?"

"Ndoo, mwalimu."

"Toka nje."

Mtihani ulifanyika katika hospitali ya kale ya masultani, chini ya lile kuba ambako zamani wagonjwa wa akili walipigiwa muziki ili wapone. Siku hizi wagonjwa hawapo, wanaletwa wanafunzi. Katikati kuna birika la marumaru lenye maji, limechimbwa sakafuni. Kuba halisahau kitu: ukikohoa mara moja, linakukumbusha mara tatu.

Nilipoingia, nikawaona. Safu ya mbele nzima ni watarumbeta, wamechana nywele, na kila mmoja ana limau mkononi.

"Karibu, kaka," Erdinç akanong'ona. "Tumekuja kukusindikiza Keşan."

Nitakuwa mkweli: haki ilikuwa upande wao.

Nikaanza. Wa kwanza akauma limau lake, chwaa, na kinywa changu kikafurika. Nikafumba macho. Haikusaidia, kwa sababu harufu ya limau haina adabu. Nilimeza mate pale ambapo ningevuta pumzi, nikaendelea kupanda, kifua kinawaka. Mate yakaanza kuchemka ndani ya bomba. Watarumbeta wakatabasamu. Kisha nikafika kwenye sauti mbili, na kuba likaongeza ya tatu.

Sikuipuliza mimi hiyo ya tatu. Ilitoka juu, ikatushukia sote. Nikafumbua macho nikaona hakuna tena anayeuma. Erdinç alikuwa ameinua limau lake hadi mdomoni, mdomo uko wazi, ameganda hivyo hivyo, anatazama juu kwenye kuba.

Noti yangu ikafifia. Ikafifia. Ikaisha, au labda haikuisha.

Na hapo, katika kimya kile, limau likamponyoka Erdinç.

Likagonga sakafu ya marumaru. Likabingirika, na chini ya kuba lile limau moja likanguruma kama pipa. Sote tulilitazama likienda, walimu, watarumbeta, Mkuu wa shule mwenyewe, hadi ukingo wa birika. Likasita. Likatumbukia. Chubwi.

Nikasubiri. Sikuhesabu kitu. Nilisikiliza tu, kama mtu aliyeangusha kitu kisimani anavyoinama na kusikiliza, asijue kama huko chini kuna wa kumjibu. Mawimbi madogo yakaenda hadi ukingoni yakarudi. Kisha nikasikia noti, mbali sana, na ikapita muda kabla sijatambua kwamba ni pumzi yangu.

Nilipomaliza hawakupiga makofi. Mwalimu Nazende alinijia hadi karibu.

"Nani yuko mle kisimani?"

Nilitafuta mzaha. Sikuupata. "Sijui, mwalimu. Nilikuwa nasikiliza."

Akamgeukia Mkuu wa shule. "Huyu haendi Keşan."

Mkuu alitikisa kichwa kukubali, macho yake yangali kwenye birika, ambako Erdinç alikuwa amekunja mkono wa shati na anavua limau lake kimyakimya.

Usiku mimi na watarumbeta tulikwenda mjini kula maini, kwenye sahani, mahali pake panapostahili. Mhudumu akasahau kuleta limau. Watarumbeta wote wakamtazama Erdinç. Akalitoa lile lake mfukoni, bado lina unyevu, akaligeuzageuza kwenye taa, kisha akalirudisha.

"Hili hapana," akasema.

Tukala maini bila limau, na hakuna aliyelalamika.