Salamu kwa Refa

Timu ya Shumaisi ilikuwa ya mwisho katika ligi yetu ya Riyadh, na haikuwa siri. Wachezaji walikuwa walinzi wa maduka, madereva na wapakiaji mizigo, Wakenya karibu wote, waliokutana kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri kwenye kiwanja cha kukodi nje ya mji. Kipa wao Ephraim alikuwa mtu mpole sana, na mpira alikuwa akiupisha kama mgeni aliyebisha hodi. Kwa hiyo niliposikia kwamba bwana mmoja ametoka Jeddah kuwachukua wajiunge na ligi ya huko, nilizima jiko nikakaa chini. Kwetu Nyahururu mtu akija kununua ng'ombe aliyekauka, unamuuliza kwanza anataka ngozi au pembe.

Mimi kiwanjani sikuwahi kufika. Nilikuwa mpishi kwa madam Nura, kaskazini mwa Riyadh, na umri wangu ulikuwa wa kuitwa shosh, yaani bibi, na kila Mkenya. Mechi niliitazama jikoni, simu nimeiegemeza kwenye mkebe wa iliki. Aliyekuwa akiirusha laivu ni Kevin, mlinzi wa duka la mazulia, mwenye mdomo usiochoka. Alishika simu kwa mkono mmoja, akatangaza mpira, na katikati ya mpira akasoma salamu kama tulivyozoea kwenye redio nyumbani. Unaandika chini ya video, naye anasoma kwamba Rosebellah wa Dammam anawasalimia dada zake wote walio Jeddah, na ujumbe wake ni kwamba wavumilie, mkataba una mwisho. Wasichana waliofungiwa majumbani walimngoja Kevin wiki nzima. Wengi wao hawakujua hata ni timu gani inashambulia goli lipi.

Mimi nilimngoja kwa sababu ya Shiro. Huyu ni binti wa mwanangu wa kwanza, na kwa desturi yetu akapewa jina langu, Wanjiru, kwa kifupi Shiro. Alikuwa yaya Jeddah. Madam wake alianza kwa kumfichia simu usiku, na Shiro akaona mambo yanakoelekea, tukapatana mapema. Mtoto aliyemlea, Lulu, alikuwa na tableti ya katuni, na ndani yake mechi za Kevin zilifunguka. Shiro angeandika kwa jina la Lulu. Akiwa salama, salamu ziende kwa kipa. Akiwa taabani, ziende kwa refa.

"Nani atamsalimia refa, shosh?" aliniuliza akicheka.

"Ndiyo maana," nikamwambia.

Wiki iliyofuata simu ikachukuliwa kabisa. Tangu hapo nilichokuwa nacho ni sauti ya Kevin. Maandishi yale ya chini yalipita mbio, na mimi husoma kwa kituo. Lakini kila Ijumaa Kevin alisema, "Lulu wa Jeddah anamsalimia kipa wetu Ephraim, ingawa sijui kwa lipi," nami nikarudi kwenye wali wangu.

Sasa bwana wa Jeddah. Aliitwa Dismas, Mtanzania, mhasibu katika kampuni ya meli, mtu wa suti na maneno laini. Alikuwa amepata mdhamini, mfanyabiashara wa kusafirisha mizigo kwenda nyumbani, na alitaka ligi yake ya Jeddah iwe kubwa. Timu bora ya Riyadh, ile ya mafundi umeme iliyochukua kombe, hata hakuipigia simu. Aliitaka Shumaisi. Japheth, nahodha wetu, aliamini kwamba hatimaye mtu ameona kipaji chao. Nilimsikia akisema hivyo laivu, kifua mbele, baada ya kufungwa matano.

Aliyenifungua macho ni Faisal, kijana wa madam. Alikuwa amesoma Marekani kwa gharama ya serikali, na Jumamosi jioni alikaa sebuleni na kompyuta akitazama chuo chake kikicheza mpira wao ule wa kukumbatiana na kuangushana. Nilimpelekea chai nikamkuta amenuna. Nikamuuliza kama wamefungwa. Akasema hapana, wanashinda, lakini wanacheza na watu asiowajua. Majirani waliocheza nao tangu enzi za babu wameachwa, chuo kimehamia kundi lingine, safari ya mbali kwa ndege, na hata saa ya mechi inapangwa na televisheni.

Nikamuuliza kwa nini chuo kihame na jirani yupo. Faisal alipenda kueleza, na mimi sikuwa na haraka. Alisema vyuo vya kule hujiunga kwa makundi, na kundi zima ndilo linalouza mechi zake kwa televisheni. Zamani kila nyumba iliyovuta waya wa televisheni ililipia chaneli kidogo kila mwezi, itazame isitazame. Basi kundi likitaka bei nzuri lilitafuta chuo kilicho karibu na mji mkubwa, hata kama hakijui mpira, ili nyumba za mji ule ziingie kwenye hesabu. Lakini sasa watu wanakata waya na kutazama kwenye intaneti, na huko anayetazama anaonekana, na anayeondoka anaonekana. Mji mkubwa uliolala hausaidii tena. Kinachotafutwa ni chuo chenye watu wasiobanduka.

"Hawanunui timu, yaa mama," alisema. "Wananunua wanaoitazama."

Nilirudi jikoni na trei yangu nikampigia Kevin. Nikamuuliza Dismas amemuuliza nini hasa. Akasema ameuliza watazamaji ni wangapi, na wako miji gani, na hukaa muda gani.

"Na ameuliza wanafuata nini?"

"Hapana, shosh. Hilo hakuuliza."

"Basi mwambieni kabla hamjaweka sahihi."

Hawakumwambia. Japheth alimwambia Kevin kwamba shosh amezoea kushuku hata chumvi, na wakaweka sahihi.

Mambo yakaanza kubadilika, na kila badiliko lilikuja na sababu nzuri. Mechi ikatolewa Ijumaa alasiri ikawekwa Jumamosi jioni, kwa kuwa mdhamini alitaka watu wa nyumbani wawe wametulia. Kamera ikaletwa, ya miguu mitatu. Akaletwa mtangazaji wa Kiingereza. Na salamu, alisema Dismas, ni kelele; mdhamini anataka matangazo safi, kwa hiyo sehemu ya kuandika itafungwa. Kevin atakaa benchi kama mchezaji wa akiba.

Nilikaa na hilo neno, safi, siku nyingi. Nilimwomba Kevin amsihi. Akajibiwa kwamba halas, imeamuliwa.

Jumamosi ile ya kwanza vijana walisafiri kwa basi hadi Jeddah, wakapumzika Hindawiyah kwa Lois, muuguzi wa Kisumu aliyewapikia ugali. Mimi nikaweka simu kwenye mkebe wangu wa iliki. Picha ilikuwa nzuri sana. Niliona hata soksi za Ephraim. Mtangazaji alizungumza Kiingereza chake, na chini ya video hapakuwa na kitu, peupe kabisa. Nikaanza kujiambia kwamba Shiro yupo, anatazama kama mimi, hana tu pa kuandikia. Kisha nikajiuliza nimejuaje. Wali ukashika chini ya sufuria, jambo ambalo halijawahi kunitokea katika nyumba ile.

Kila nilipotupia macho, namba ya watazamaji pale pembeni ilikuwa imeshuka. Wasichana walikuwa wamefungua, wakasikiliza, hawakusikia jina la mtu, wakafunga.

Yaliyotokea mapumzikoni alinisimulia Kevin baadaye. Dismas alimfuata benchi akiwa ameloa jasho. Mdhamini alikuwa amepiga simu kutoka ofisini kwake Balad, akiuliza watu wa Riyadh alioahidiwa wako wapi. Dismas akataka Kevin awaite.

"Nikiwaita nitawaambia nini?" Kevin akamuuliza. "Hawa hawakuja kumwona Japheth, bosi. Hata mama yake Japheth hamtazami."

Alisema atarudi kwa sharti moja tu, salamu zisomwe. Dismas akafungua sehemu ya kuandika kwa mkono wake mwenyewe.

Basi kipindi cha pili nikasikia sauti ninayoijua. Mpira ulichezwa peke yake, maana Kevin hakuutangaza kabisa, alisoma majina tu, na namba ikapanda. Rosebellah wa Dammam. Emily wa Taif. Wengi. Halafu akasema, polepole, kama mtu aliyekuta kitu kigeni kwenye sahani, "Lulu wa Jeddah... anamsalimia refa. Ameandika mara mbili. Lulu, umebadilisha dini?"

Sikuzima jiko. Faisal alilizima baadaye. Nilikwenda sebuleni moja kwa moja, chuo chake kikiwa kinacheza, nikasimama mbele ya kompyuta. Katika nyumba ile nilikuwa sijawahi kutaja kwamba nina mjukuu Jeddah, kwa kuwa sikujua nani anamjua nani. Siku hiyo nilitaja. Nilimpa namba ya kafili wa Shiro, yaani mwajiri wake, nikamwomba apige yeye, kwa Kiarabu chake cha wenye nyumba.

Madam wa kule alisema msichana yuko vizuri, mafi mushkila, hakuna shida. Faisal akasema tungependa kumsikia. Kukawa na mnong'ono, kisha sauti ya Shiro, na nikajua kwa mwangwi wake kwamba simu iko mezani na watu wamesimama juu yake. Akasema kwa Kiarabu kwamba yuko vizuri.

Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Na leo unamsalimia nani, mama?"

"Refa, shosh. Ni mkono. Mafuta."

Simu ikakatwa. Faisal hakuhitaji tafsiri ya uso wangu. Alimwamsha baba yake kwenye kochi, na mzee yule, ambaye kwangu hakuwahi kusema zaidi ya kuomba chai, aliipigia ofisi iliyomleta Shiro na kusema nao kwa ukali mpaka wakamwambia wanaondoka sasa hivi kumchukua. Walimpeleka hospitali usiku huo. Mkono ulikuwa umeungua tangu Jumatano na hakuna aliyeufunga. Kwenye nyumba ile hakurudishwa. Ofisi ilimweka kwenye makazi yao akingoja karatasi, na Lois akawa anapita kumbadilishia bendeji.

Salamu zimebaki. Dismas anasema ni ubunifu wake, na mdhamini anaamini. Juzi Dismas alituma ujumbe kwamba anafikiria kumpa kila mwenye kusalimia zawadi, tumwandikie tu majina kamili na nyumba tunazofanyia kazi. Nimemwambia Kevin awaambie wasichana wasimwandikie kitu. Haijalishi maneno yake ni laini kiasi gani, kwanza aseme anayataka ya nini.

Jumamosi iliyopita Kevin alisoma, "Shiro, kwa jina lake mwenyewe, kwa simu ya dada Lois, anamsalimia kipa Ephraim aliyefungwa manne." Nikachota wali. Ulikuwa umeiva sawasawa.