Wodi ya Wanyama Waliopakwa Dawa ya Meno

Usiku wa jana niliota, na kwa kuwa mimi si mtu wa kuota, jambo la kwanza nililofanya ndotoni ni kukasirika.

Nianze na mambo ya mchana. Wiki hii moto ulipanda kilima kilicho nyuma ya nyumba zetu ukala misonobari yote hadi ukingoni mwa makaburi. Inasemekana mrina asali alisahau kienge chake cha nyasi kavu kikiwaka. Nyumba zilipona, ila paka wetu alikimbia moshi na hakurudi. Anaitwa Meneja, kwa sababu hula wa kwanza na hafanyi kazi. Tangu siku hiyo binti yangu, Delfina, akawa anasukuma sahani ya ugali pembeni na kulala amekumbatia sweta lake la shule. Meneja alikuwa akilifanya godoro.

Afisa wanyamapori alipita mtaani na kipaza sauti.

"Wanyama wa porini msiwaguse! Msiwaangalie machoni! Maji wawekeeni chini! Aliyeungua mpeni giza na utulivu! Na tafadhali, msimpake kitu chochote!"

Hilo la mwisho alilirudia, kwa sababu anatujua. Kwetu mtu akiungua, kabla hajamaliza kulia, ameshapakwa dawa ya meno.

Mimi nilifanya usafi. Nina stashahada ya ugavi, natunza bohari ya shule, na siwezi kulala na masizi. Nilipiga deki nyumba nzima, nikafua mapazia, mwisho nikalichomoa lile sweta mikononi mwa mtoto na kuliloweka kwenye beseni la sabuni.

"Mama, lina harufu yake," alisema Delfina.

"Ndiyo maana naliloweka," nikamjibu, nikaenda kulala.

Basi. Beseni linagonga mlango wa chumba changu.

"Mama Delfina," linasema, "vaa kandambili. Wagonjwa wamefika."

"Wagonjwa gani? Mimi ni mtu wa bohari."

"Afadhali wewe. Muuguzi angeuliza maswali."

Navaa kandambili. Korido ya nyumba yangu inaishia kilimani, kwenye majivu, na katikati ya majivu imesimama bohari yangu ya shule. Ndani, wanyama wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri zamu. Mlangoni kuna misumari miwili.

"Wa porini hawaguswi," linasema beseni. "Tundika mikono."

Naitundika. Inatoka kirahisi kama soksi. Mkono wa kushoto unalalamika kwamba umewekwa msumari wenye kutu. Nauambia utulie, si harusi hii.

Bila mikono nilifanya kile ambacho akina mama hufanya hata wakiwa nayo: nilitoa amri.

Wagonjwa wote walikuwa weupe. Funo mweupe, nungunungu mweupe, kima na mwanawe weupe pe. Bohari nzima ilinukia mnanaa.

"Nani amewapaka?" nikamuuliza kima, nikimtazama sikioni, maana macho ni marufuku.

"Watu wema," akasema.

"Wakoje hao?"

"Wana mbio. Tulipomaliza kuukimbia moto tukaanza kuwakimbia wao."

"Beseni! Maji!"

"Maji yamewekwa chini, kama alivyoagiza afisa."

Kweli yako chini. Katikati ya sakafu kuna ngazi, inashuka mpaka macho yanachoka, na huko mwisho maji yamekaa yanameta.

"Pandeni!" nayaita.

"Tumeambiwa tukae chini," yanajibu.

"Chini ya pua za wagonjwa, si chini ya dunia. Pandeni kabla sijashuka."

Yakapanda yakinung'unika kama watoto walioamshwa kwenda shule. Yalikuwa maji ya kawaida, si ya barafu wala ya moto. Yaliwapitia wagonjwa taratibu mpaka povu lote likashuka. Chini ya weupe tukaona kilichokuwapo: nyayo zilizobabuka, masikio yaliyosinyaa, kifua cha mtoto wa kima kikipanda na kushuka upesi upesi.

"Inauma?" nikamuuliza funo.

"Inauma, mama. Lakini sasa inauma peke yake. Mwanzo ilikuwa inauma na kuwasha."

Nikamwambia hayo ni maendeleo.

Mgonjwa aliyefuata alikuwa kinyonga, na alikuwa anawaka. Rangi ya machungwa ilimpanda kutoka mkiani mpaka kichwani ikicheza kama ndimi.

"Sijaungua," akasema. "Nilipita kwenye moto nikauiga, kama kawaida yangu. Sasa rangi haitoki. Kila nikienda watu wananimwagia mchanga."

"Huyu apewe giza," nikasema.

Giza lilikuwa limekaa nje, jimama kubwa lililojifunga khanga mbili.

"Nipo hapa tangu jioni," likasema. "Hakuna hata wa kunikaribisha. Kila mtu ananimulika tochi."

"Pole, dada. Ingia kwenye hii katoni ya mafuta ya kula."

"Nitaenea?"

"Jikunje. Wagonjwa wanasubiri."

Likajikunja likaenea. Tukamwingiza kinyonga, tukafunika, tukangoja. Mara sauti ndogo ikatoka ndani: "Kijani. Sioni vizuri, lakini nahisi ni kijani."

Bohari nzima ikapiga makofi bila sauti, kwa ajili ya utulivu.

Hapo ndipo nikamwona. Mwisho wa benchi, nyuma ya nungunungu, alikaa Meneja. Masharubu ya upande mmoja yameungua. Mguu wa mbele wa kulia umepakwa dawa ya meno mpaka kwenye kucha.

"Meneja! Haya, twende nyumbani."

Alinitazama kama ninavyomtazama mtu anayekuja bohari bila kibali.

"Wewe nani?"

"Mama Delfina. Nakupa dagaa kila siku."

"Mama Delfina ninayemjua mimi ananuka vitunguu. Wewe unanuka sabuni. Nimefika kwenye nyumba yangu, nikaizunguka, si yenyewe. Yangu ilikuwa na harufu ya dagaa, moshi wa jiko na miguu ya mtoto. Ile mliyoweka pale ni ya watu wengine."

Nikataka kumbeba. Mikono ikanipungia kutoka kwenye misumari.

"Usimguse," likasema beseni. "Asiyejua kwake ni wa porini. Jua likichomoza hajakumbuka, anaondoka na kima."

"Nafasi ipo," akasema kima kwa upole.

Nilimfikiria Delfina na sahani yake ya ugali. Kisha nikaligeukia beseni.

"Sweta liko wapi?"

Beseni likatazama ukutani. "Nimelimeza. Uliniletea mwenyewe."

"Litapike."

"Mbele ya wagonjwa? Mimi nina heshima zangu."

"Heshima gani? Nilikuokota mnadani, ulikuwa umefunika kuku. Tapika!"

Beseni linakohoa. Linatoa mapovu, linatoa kifungo, linatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Mwishowe sweta linatoka, kavu, chafu vilevile, na manyoya ya paka yamejaa kifuani. Nalidaka kwa meno. Nakimbia nalo kwenye majivu, beseni linanifuata likipiga kelele kwamba nimesahau mikono. Kilima kinageuka kizingiti cha nyumba yangu. Nalilaza sweta pale, naacha mlango wazi kidogo, naupa kisogo, nafumba macho.

Nyuma yangu kitu kinanusa. Kinanusa tena.

"Aa," inasema sauti ya Meneja. "Kumbe mlihamia ndani ya sabuni. Si mngesema."

Nikaamka. Nilikuwa nimelalia mikono yote miwili na ilikuwa imekufa ganzi. Ilinichukua muda kuirudisha. Kulikuwa kumekucha. Nikaenda uani kumalizia kufua, maana ndoto haifui nguo.

Beseni lilikuwa mahali pake, limejaa maji ya sabuni. Ndani hakukuwa na sweta.

Mlango wa mbele, ambao mimi huufunga kwa komeo la juu asilolifikia mtoto, ulikuwa wazi kidogo. Sweta lilikuwa kizingitini, kavu, na masizi yake yote. Kando yake, kwenye sakafu niliyoipiga deki mpaka ikang'aa, kulikuwa na alama nyeupe ya unyayo mmoja mdogo. Nikainama nikainusa.

Mnanaa.

Mbele yake kulikuwa na nyingine, hafifu zaidi, kisha nyingine. Zilielekea ndani.

Nililimwaga lile beseni. Kisha nikaenda mlangoni kwa mwanangu, nikasema kwa sauti ya chini ambayo hata mimi sikujua ninayo:

"Delfina, amka. Usipige kelele, usiwashe taa, na ukitazama chini ya kitanda, usimwangalie machoni."