Dereva Asiyejua Kupisha

Kwa miaka kumi na minane Taratibu aliendesha gari la maiti la hospitali, na abiria wake wote walilala njia nzima. Jina hilo alipewa na wahudumu wa chumba cha maiti kwa sababu ya mwendo wake, likamganda hata mkewe akasahau kumwita jingine. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Ila wahenga wenyewe hawakuwahi kufanya mtihani wa leseni ya malori.

Hakuwa na ugomvi na kazi yake. Gari lilitunzwa vizuri, na maiti si watu wa matata. Kilichomchosha ni kufika. Akikata tu kona ya mtaa, mama fulani hushika kichwa, watoto huitwa ndani, mazungumzo yakakatika kama redio iliyoishiwa betri. Hakuna mlango uliowahi kufunguliwa kwa furaha kwa sababu yake. Alipofikisha miaka arobaini na minne alimwambia mkewe kwamba, kabla hajazeeka, anataka siku moja afike mahali ambapo watu wanamngoja kwa hamu.

Mkewe, msusi mwenye ulimi mwepesi kuliko vidole vyake, akamuuliza kama anataka kuwa bwana harusi tena. Hapana, akajibu, anataka kuendesha lori. Duka moja la vifaa vya ujenzi lilikuwa linatafuta dereva wa kupeleka saruji na mabati kwa watu wanaojenga. Mwenye duka alikwisha kukubali kumchukua, tena ampe dereva mzoefu wa kukaa naye kando, mradi alete kibali cha mwanafunzi wa malori makubwa kabla mwezi haujaisha.

Kibali kilikuwa na mtihani wa mdomo. Katika chumba cha mtahini palikuwa na meza pana iliyochorwa barabara, vivuko na mzunguko katikati, na juu yake vigari vya kuchezea. Mtahini, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, alimkabidhi kilori cha kijani akamwambia avuke mzunguko mpaka upande wa pili. Taratibu akakishika kwa vidole viwili, akakisukuma kwa heshima zote. Akaingia kwenye mzunguko bila kutazama kushoto wala kulia, akapita mbele ya gari jekundu, mbele ya basi, mbele ya gari la zimamoto lenyewe, akaegesha.

Mtahini akavaa miwani.

"Na hawa wengine?"

"Watasimama."

"Kwa nini wasimame?"

Kusema kweli, swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza Taratibu. "Huwa wanasimama," akasema.

Tumtetee kidogo. Mtu ambaye kwa miaka yote hiyo wenye baiskeli hushuka wakimwona, wenye kofia wakazivua, na askari wa barabarani wakazuia magari pande zote ili apite, atajuaje kwamba barabara ina zamu? Mazoea yana taabu. Alifeli, akaambiwa amebakiwa na nafasi moja, Alhamisi ya wiki ijayo. Akiikosa, angoje miezi sita. Duka lisingeweza kumngoja miezi sita, na yeye alilijua hilo alipokuwa akitoka mikono nyuma.

Mkewe aliposikia habari alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaiona sura ya mumewe, akamvutia kiti. Kesho yake asubuhi alifuta meza ya barazani anapofanyia kazi, akachora mzunguko kwa chaki. Chupa ya mafuta ya nywele ikawa basi, vibanio vikawa pikipiki, na kitana kikubwa akapewa Taratibu kiwe lori. Wateja waliokuwa wakisubiri kusukwa walisogeza viti karibu, maana sinema ya bure haikataliwi.

Taratibu akaingia kwenye mzunguko kama kawaida yake. Mkewe akaja na basi, wala hakupunguza mwendo. Kitana kikaruka mpaka sakafuni.

"Umeniua," Taratibu akasema.

"Basi panda nyuma ya gari lako."

Siku ile aliuawa mara kumi na moja. Ya pili, mara saba. Mteja mmoja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa alikataa kumaliziwa mpaka aone shemeji amevuka salama. Kufikia Jumatano Taratibu alikwisha kuelewa kwamba aliyetangulia kuingia kwenye mzunguko ndiye mwenye haki, na kwamba duniani kuna watu wasiosimama hata wakikuona. Usiku huo hakula vizuri. Aliona haya, mtu mzima kama yeye, kutaka kitu kiasi hicho.

Alhamisi mtahini akampa kilori kilekile. Taratibu akakifikisha ukingoni mwa mzunguko, akasimama. Akapisha basi. Akapisha gari la zimamoto. Akapisha gari jekundu. Mtahini aliyaondoa yote matatu akayaweka pembeni, lakini kilori bado hakikusogea. Dakika nzima ikapita.

"Unasubiri nini sasa?"

"Lile la bluu."

"La bluu limeegeshwa."

"Naliona. Lakini huenda likatoka."

Mtahini akajifunika uso kwa fomu zake, mabega yakitikisika. Alipotulia alimuuliza habari za breki, uzito wa mzigo na umbali wa kuacha nyuma ya gari jingine. Taratibu akajibu yote bila kubabaika. Muhuri ukagonga karatasi. "Nenda," mtahini akasema, "lakini na wewe uwe unapita mara mojamoja. Saruji haipendi mvua."

Jumatatu alipakia mabati sitini na misumari, dereva mzoefu akakaa kando yake. Taratibu alipisha kila kitu. Alipisha malori, mikokoteni, kuku na vifaranga wake. Dereva mzoefu alitukana kimoyomoyo, halafu akasinzia. Saa tisa alasiri wakafika kwenye nyumba isiyo na paa, mafundi wamekaa juu ya kuta wakining'iniza miguu, wingu jeusi nyuma yao.

Mwenye nyumba alikuwa mjane. Miaka minne iliyopita Taratibu ndiye aliyemletea mumewe kutoka hospitali. Mama huyo alimwona dirishani mwa lori, akamtambua, na mkono wake ukapanda wenyewe kifuani.

"Nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mabati, mama," Taratibu akasema, kwa haraka ambayo hakuwahi kuwa nayo maishani. "Ni mabati yako tu."

Mama akalitazama lori, akaitazama mvua inayokuja, damu ikamrudi usoni. Akashika kiuno.

"Mabati? Na ndiyo unafika sasa? Watu wako juu ya kuta tangu asubuhi, nimechungulia barabarani mpaka shingo inauma, wewe unatembeza mabati yangu kama unamsindikiza nani?"

Taratibu aliteremka, akasimama mbele yake akasikiliza mpaka neno la mwisho. Huko alikotoka, kila alikokwenda watu walitamani asifike kabisa. "Nimechelewa, mama, nisamehe," akasema, na akashindwa kuficha tabasamu, jambo ambalo lilimuudhi mama yule hata zaidi.