Artichoki za Mkwe Wangu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na asitokee mtu wa kunisifu kwa subira, maana sina. Lakini mwaka huu nilipanda mbegu nikaingoja miezi na miezi, na yote hayo kwa ajili ya msichana mmoja ambaye chakula kilikuwa hakimpiti kooni.

Jina lake Sahar, mke wa mwanangu Naeem. Naeem alikwenda kusoma Aljeria, akarudi na shahada na mke. Asili yetu ni Lamu, ila nimeishi Nairobi tangu marehemu mume wangu alipofungua duka River Road, na nyumba yetu iko Riruta, yenye kiwanja kidogo nyuma ambacho kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuanikia nguo. Siku Sahar alipofika, mama yake alinipigia simu ya video. Yeye hajui Kiswahili, na Kiarabu changu mimi ni cha kuswalia tu. Tukatoleana salamu, tukabaki kutazamana. Kisha yule mama akaweka mkono kifuani, akasema "Sahar," akaanza kulia. Nilielewa. Nikaweka mkono wangu kifuani na mimi, nikamwambia, "Inshallah." Tangu hapo nikajua nimepewa amana.

Na amana yenyewe ikaanza kukonda mbele ya macho yangu. Nilipika biriani, akala vijiko viwili. Nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akasema, "Tamu, Mama," akasogeza sahani taratibu kama anayeogopa kuiamsha. Naeem akamletea nyama choma ya Kenyatta Market, akaimega kwa adabu na kuirudisha. Hakuwa na kiburi. Kiburi ningekijua, ninacho changu. Alikuwa anawakumbuka watu wake tu, na huzuni ilikuwa imemfunga tumbo.

Siku moja nikamkalisha jikoni. "Hebu sema, unataka kula nini? Hata kama ni nyama ya kifaru nitaitafuta."

Akacheka, halafu machozi yakamtoka. Akanionyesha picha kwenye simu: kitu cha kijani, cha mviringo, chenye magamba yaliyopandana. Akaniambia kinaitwa artichoki, na kwao wakati wake ukifika hujazwa nyama ya kusaga, na nyumba nzima hukaa kuzunguka sufuria moja.

Nilizitafuta mjini mpaka miguu ikaniuma. Duka moja kubwa walikuwa nazo kwenye chupa, zimelowekwa kwenye siki. Sahar alionja moja, akafunika chupa, akanishukuru. Mwishowe nikaingia duka la mbegu huko huko katikati ya jiji, kijana aliyeitwa Kiarie akaniletea pakiti iliyojaa vumbi.

"Mbegu iko, mathe, lakini hii kitu inakaa sana. Utaweza kungoja?"

Nilimpokonya pakiti.

Kulima sikujua, lakini siku hizi mtu anajifunza kila kitu kwenye simu. Nilitazama mzungu mmoja akieleza: loweka mbegu usiku kucha, panda moja moja, usijaze maji, mche ukipata majani kadhaa uhamishie kwenye udongo wenye mbolea, na uuachie nafasi maana unatanuka kama mama mwenye nyumba. Alipofika kwenye habari ya kuvuna, bando likaisha. Nikasema si neno, kuvuna nani asiyejua?

Mbegu nilizipanda kwenye pakiti tupu za maziwa, nikazipanga dirishani kwenye jua. Zikatoa vijani viwili vinene. Nyingine zilikufa, na hizo nilizigombeza. Zilizobaki nikazipeleka nje, na hapo ndipo jirani yangu Selpher, Mama Emmah, akaingia kwenye habari hii bila kualikwa. Selpher ni mtu wa Bungoma, anafuga ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba yake, na ua kati yetu ni mfupi kiasi cha kumruhusu kuniona kila ninachofanya.

"Mama Naeem, hii si ni miiba tu? Kwetu hii kitu tungeng'oa mapema, ama tupatie ng'ombe."

"Ng'ombe wako akigusa jani moja, Mama Emmah, utamnunulia jeneza."

Alicheka sana. Jioni yake akaniletea ndoo ya samadi iliyooza vizuri, akaimwaga mwenyewe na kuipiga jembe. Selpher ndivyo alivyo, hukuudhi asubuhi na jioni akakubebea mzigo.

Mimea ilipoanza kutoa majani ya kijivu yenye menomeno, Sahar aliitambua. Alichuchumaa, akashika jani moja, akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Wakati huo alikuwa na mimba changa. Kila asubuhi alitoka kuitazama, akaiondolea chawa wa mimea na kuinyunyizia majivu, na akirudi ndani hula japo kipande cha mkate. Nikasema alhamdulillah, mbegu imeanza kazi hata kabla ya kuzaa.

Ikaja baridi ya Julai, ile ya Riruta inayoingia hadi kwenye mifupa. Mimi nilijifunika blanketi, artichoki zikafurahi. Mwisho wa baridi nikaona tumba la kwanza katikati ya majani, dogo kama kokwa ya embe. Nilipiga vigelegele, Selpher akatoka mbio akidhani kuna msiba.

Haikupita muda, presha ya Sahar ikapanda. Daktari akaamuru alale hospitalini mpaka ajifungue. Nilikuwa nikimpelekea chakula kila siku, na nilikuwa nikirudi na kile kile. Naeem kazi yake ni ya kuzunguka mikoani, basi jioni nyingi tulikuwa sisi wawili na bakuli lililopoa. Daktari alinivuta pembeni, akaniambia damu yake ni kidogo, na asipokula hata maziwa ya mtoto yatakuwa shida.

"Mama, artichoki?" Sahar aliniuliza.

"Bado," nikamwambia. Nilitaka akirudi azikute kubwa, sufuria nzima, imshangaze.

Selpher naye akanitia moyo. "Wacha zikomae. Ukivunja mahindi ikiwa changa, unakula nini? Maji." Nikaona ana akili. Kila siku nilizibonyeza kama mtu anavyobonyeza parachichi sokoni. Zilikuwa ngumu, nikaziacha.

Sahar alijifungua salama msichana, tukampa jina Rumaisa, na siku hizo zote nilishinda hospitalini, bustani sikuitazama. Siku ya kurudi nyumbani niliamka mapema, nikachukua kisu na beseni, nikatoka nje. Artichoki zangu zote zilikuwa zimepasuka. Kila moja ilikuwa imefunua kichwa cha nywele za zambarau, na nyuki wamezijaa.

Nilimwita Naeem, akatafuta kwenye simu yake. "Mama, hizi zinakatwa kabla hazijafunguka. Zikishachanua ni za kuangalia tu."

Nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Nilimfokea Naeem kwa kuwa na bando leo na si siku ile. Nilizifokea artichoki. Selpher akaja kwenye ua na leso begani, uso umemshuka.

"Pole, Mama Naeem. Mimi ndio nilikudanganya."

Nikageuza ndoo, nikaikalia, nikalia. Nilikuwa namwona yule mama wa Aljeria na mkono wake kifuani. Ningemwambia nini?

Naeem alipomleta Sahar, nilimlaza, nikampa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, chakula cha mzazi kwetu. Akanusa, akafumba macho. Kisha akaulizia artichoki, nami nikamwambia ukweli. Nilirudisha bakuli jikoni, na niliporudi kitanda kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nje, mtoto begani, wala hata wiki moja ya arubaini yake haijatimia. "Rudi ndani! Upepo utakuingia!" Hakugeuka. Alikuwa amesimama mbele ya maua, mkono mdomoni.

"Mama, nani amekufundisha?"

"Kufundisha nini? Nimeharibu tu."

"Kuacha maua." Kiswahili chake kilikuwa kinajikwaa kwa haraka. "Watu wa mjini wanakata. Bibi yangu, kule mlimani, anaacha maua. Anaacha kwa maziwa, yanagandisha. Mimi sijala jibini ya bibi tangu yeye amekufa. Maziwa, Mama! Ya ng'ombe, si ya pakiti!"

Sentensi haijaisha, Selpher, aliyekuwa akitusikiliza upande wa pili wa ua, alikwisha kutoweka. Alirudi na sufuria ya maziwa yenye povu, anahema. Sahar akanipa mtoto, akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda changu, akaamuru. Maziwa yakachemshwa, yakaachwa mpaka yakawa vuguvugu. Akakata zile nywele za zambarau, akazitwanga kwenye kinu na chumvi na maji ya vuguvugu, akachuja maji ya rangi ya chai, akayatia kwenye maziwa. Bibi yake alikuwa akiyakausha maua kwanza, akasema, ila yeye leo hawezi kungoja. Nikamwambia basi tumeshafanana.

Tulikaa tukitazama sufuria. Selpher alinong'ona kwamba hayatashika. Yakashika. Yalitetemeka kama maini, Sahar akayakata, akayafunga kwenye kitambaa cheupe, akayaning'iniza juu ya beseni. Mimi nikaoka mkate wa ufuta juu ya makaa.

Ile jibini ilikuwa laini, nyeupe, na kwa nyuma ina uchungu kidogo. Nitasema kweli, mimi sikuipenda. Sahar alimega mkate, akachota, akatia mdomoni. Kisha akachota tena. Akala akitazama sahani, bila adabu, anajipangusa kidevu kwa mgongo wa mkono, na Rumaisa kwenye paja lake. Mimi na Selpher tukashikana mikono chini ya meza kama watoto.

Akainua uso. "Mama, mkate umeisha."

Nilikuwa nimeoka mmoja tu, kwa maana katika nyumba hii nilikwisha kuzoea kupika kidogo. Nikapuliza makaa upya huku machozi yanadondoka, nikamwambia Selpher akande unga mwingine, mwingi, na nikamshukuru Mungu kwa ushauri mbovu wa jirani yangu.