Kikohozi Ndani ya Mto

Kabla hakujapambazuka kitanda kililia kidogo, kisha ikasikika sauti ya mtu anayekohoa ndani ya mto. Bibi hakufungua macho. Alijua mumewe ameuma foronya ili asimwamshe, naye akatulia tuli ili mzee asijione mzigo. Miaka miwili walidanganyana hivyo, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Mzee alikuwa fundi magodoro. Miaka arobaini alichambua sufi na kuishindilia, vumbi likamwingia, njia za hewa zikawa nyembamba. Dawa yake ya kuvuta haikumtoka mfukoni, na kila siku aliivuta. Lakini asubuhi hiyo midomo ilikuwa rangi ya majivu, na hakuweza kumaliza sentensi moja.

Hospitalini daktari aliinua picha kwenye mwanga. Sehemu ya chini ya pafu la kushoto ilikuwa imenywea kama mpira uliotoka upepo. Makohozi yamekaa humo mpaka yakaziba, alisema. Inaelekea mzee hakohoi vya kutosha. Alimpa siku tatu za mazoezi. Pafu lisipofunguka, wataingiza mrija kooni wayafyonze makohozi, na kwa mapafu yaliyochoka namna ile hakutaka kuahidi lolote.

Binti wa mazoezi alimletea chupa ya maji yenye mpira mwembamba: apulize mapovu, halafu akohoe kwa nguvu. Mapovu alipuliza. Ikifika zamu ya kukohoa, alivitazama vitanda vya wenzake na kuziba mdomo kwa shuka. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Bibi alivimba miguu kwa kukaa, akachoka hata kuongea kukawa kazi. Mfagiaji, bila kuambiwa, alimpindulia ndoo aegemeze miguu.

Kitanda cha pili alilala dereva mstaafu wa malori, mtu wa maneno.

"Mzee, unatuonea haya sisi? Mimi nikikoroma wodi nzima inataka kuhama, na radhi siombi."

Mzee akatabasamu, akaziba mdomo tena. Hapo bibi akamtoa shuka mkononi, polepole.

"Mzee wangu, mimi silali. Miaka miwili nakusikia ukijikaba kwenye mto, nami najifanya nimelala. Leo kohoa nikusikie."

Mzee akamgeukia. "Kumbe ulikuwa macho?"

"Kila siku."

Akakohoa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, bibi akimshikia bakuli, na mwishowe likatoka donge zito. "Gari limewaka," dereva akasema.

Siku ya tatu picha ilionyesha pafu limeanza kujaa hewa. Ugonjwa wenyewe hautakwenda popote, daktari aliwaambia wazi, ila mrija hauhitajiki tena.

Walipokuwa wakiondoka, dereva, ambaye tangu wafike hakuwahi kutembelewa na mtu, aliushika mkono wa mzee na hakuuachia upesi. Akamgeukia bibi.

"Shemeji, wiki ijayo mkija kliniki, mpite hapa. Hata kama ni kuja kunikoholea tu, mlete."